Umeacha ngano, mbona bado unasinzia? Uzi wa uchovu wa seliaki

Kipimo_Kwanza

Wakuu, salaam. Swali hili linarudi mara kwa mara, nimeona tuliwekee uzi wake. Mtu amepimwa, amethibitishwa ana seliaki, ameacha chapati, mandazi na mkate. Tumbo limetulia. Lakini mwili bado mzito: anaamka amechoka vilevile alivyolala, ikifika saa 8 mchana macho yanajifunga yenyewe, na nyumbani wameshaanza kumwita mvivu. Si mvivu. Uchovu wa seliaki una chanzo, na mara nyingi chanzo hicho kinaonekana ama maabara ama jikoni.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Seliaki si mzio wa ngano, wala si tumbo kukataa chakula. Ni kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe kila gluteni inapoingia. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka iitwayo rye kwa Kiingereza). Ukuta wa utumbo mwembamba umejaa vijidole vidogo mno ambavyo kazi yake ni kunyonya chakula. Kwa mwenye seliaki vijidole hivyo hulika mpaka ukuta unabaki tambarare. Uharibifu huwa mkubwa zaidi sehemu ya juu ya utumbo, kwenye duodeni, na hapohapo ndipo madini ya chuma yanaponyonywa. Ndiyo maana kwa baadhi ya watu upungufu wa damu ndio dalili pekee, hawajaharisha hata siku moja.

Pili, tenganisheni uchovu na usingizi. Mwenye uchovu anataka kupumzika, lakini akijilaza huenda asipate usingizi. Miguu mizito, ngazi moja inamtoa pumzi, akili ina ukungu. Mwenye usingizi uliopitiliza analala kweli: akiwa kwenye daladala, akisikiliza hotuba, akiongea na mtu. Kuna kipimo cha maswali kinaitwa Epworth. Hali 8, kila moja unajipa alama 0 hadi 3 kulingana na uwezekano wa kusinzia: ukisoma, ukitazama runinga, ukikaa mkutanoni bila la kufanya, ukiwa abiria wa gari kwa saa nzima, ukijilaza mchana, ukiongea na mtu, ukikaa kimya baada ya chakula cha mchana, na gari likisimama kwenye foleni. Jumla ni 24. Ukipita 10, huo ni usingizi uliopitiliza na una njia yake ya kuchunguzwa. Andika alama zako na tarehe, uende nazo kwa daktari. "Nachoka" ni neno ambalo daktari hulisikia mara 40 kwa siku. "Epworth yangu ni 15" linamfanya aweke kalamu chini.

Mpangilio ninaoupendekeza: anza na ngano iliyojificha, halafu damu na vitamini, halafu magonjwa yanayopenda kuandamana na seliaki, halafu usingizi wenyewe. Watu wengi huanza na la mwisho kwa kuongeza kahawa, na huko ndiko miezi inakopotelea.

Na kwa ambaye HAJAPIMWA bado: usiache ngano kwanza. Kipimo cha damu cha tTG-IgA kinatafuta kingamwili ambazo hupungua gluteni inapoachwa. Ukiacha miezi miwili mitatu kisha ukapima, majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa upo. Kula gluteni kila siku, ikiwezekana zaidi ya mlo mmoja, kwa wiki 6 angalau kabla ya kipimo. Na uombe IgA ya jumla ipimwe pamoja, kwa sababu kiasi cha watu 2 hadi 3 kati ya 100 wenye seliaki hawana IgA kabisa, na kwao tTG-IgA haitaonyesha kitu hata utumbo ukiwa umechakaa.

Mtaa_wa_Pili

Asante mkuu. Ila huu si ugonjwa wa Wazungu? Sisi tunakula ugali.

Kipimo_Kwanza

Ni dhana ya zamani hiyo. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa ya watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi, na zaidi ya 5 kati ya 100 walikutwa nao. Ni kiwango cha juu kuliko nchi yoyote ya Ulaya. Ugonjwa unahitaji vitu viwili vikutane, jeni za HLA-DQ2 au DQ8 na gluteni mezani. Mijini kwetu mezani ni chapati asubuhi, mkate jioni, mandazi katikati.

Lakini upo sahihi kwa jambo moja. Mtu wa hapa mwenye upungufu wa damu na uchovu asianze na seliaki. Aanze na yaliyo mengi zaidi: minyoo ya safura, malaria, kichocho, hedhi nzito, seli mundu, VVU, kifua kikuu. Seliaki inaingia kwenye orodha pale ambapo hayo yamekaguliwa na damu bado inashuka, au vidonge vya kuongeza damu vimemezwa miezi mitatu bila mabadiliko, au kuna ndugu wa damu mwenye ugonjwa huo, au mtu ana kisukari cha aina ya kwanza.

Na giadia. Kimdudu hiki cha maji machafu nacho kinaweza kubapaza vijidole vya utumbo na kuleta gesi, kuhara na uchovu. Mwenye seliaki aliyekuwa anaendelea vizuri kisha akarudi nyuma ghafla apime choo kabla ya kulaumu chakula.

JikoLaPwani

Niingie kwenye jiko, maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Tufanye hesabu kidogo. Unga wa ngano una gluteni kama gramu 8 hadi 10 katika kila gramu 100. Chapati iliyotumia gramu 60 za unga ina gramu 5 hivi, yaani miligramu 5,000. Utafiti wa Italia uliochapishwa 2007 uliwapa wagonjwa miligramu 50 kwa siku kwa miezi mitatu, na utumbo ukaanza kuharibika. Miligramu 50 ni sehemu moja ya mia ya chapati hiyo. Ni ile vumbi na makombo yanayobaki kwenye kibao cha kusukumia. Kwa hiyo anayesema "naonja kidogo tu Ijumaa" na anayekaangiwa yai kwenye kikaango cha chapati wako karibu zaidi ya wanavyodhani.

Kikaango cha chapati kiangalieni vizuri. Kigeuze, pitisha kidole kwenye pembe ambapo ukingo unakutana na tako. Kuna gamba jeusi pale. Ni unga ulioungua ukishikana na mafuta, tabaka juu ya tabaka. Sabuni hailiondoi. Mwenye seliaki awe na chake, kiwekwe mahali pake. Vivyo hivyo mwiko wa mti wenye nyufa, chujio la unga, kibao cha kusukumia na kisu cha mkate. Sufuria ya alumini iliyo laini, sahani na vijiko vya chuma havina neno, vioshwe tu kwa sabuni na maji yanayotiririka. Sponji la kuoshea liwe jingine.

Siku inayopikwa chapati, chakula cha mgonjwa kipikwe kwanza, kifunikwe, kiondolewe jikoni. Unga ukipepetwa hukaa hewani na kutua juu ya kila kilicho wazi.

Sasa vyakula. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi, magimbi, ndizi, kunde, maharage, dengu: vyote salama kwa asili yake. Huu ni utajiri mkubwa, huhitaji mkate wa bei kutoka nje. Shida ni vilivyochanganywa:

Uji wa lishe. Huu ndio nambari moja. Mifuko mingi ina ngano ndani pamoja na mahindi, ulezi, soya na karanga, na mtu anaunywa kila asubuhi akiamini unamrudishia nguvu. Soma mfuko, au changanya mwenyewe.

Urojo. Rojo lenyewe kwa kawaida huwekwa uzito kwa unga wa ngano. Bhajia za dengu zilizomo ni salama zikikaangwa peke yake, lakini ndani ya rojo hazisaidii kitu.

Viazi karai, katlesi, kababu: unga au chenga za mkate. Soseji: nyingi zina ngano ya kujazia. Mishkaki: uliza kama imelowekwa kwenye sosi ya soya, kwa kuwa sosi hiyo ya kawaida hutengenezwa kwa ngano. Chipsi: viazi ni salama, mafuta yaliyokaangia sambusa si salama.

Tambi, simolina, bokoboko, atta: vyote ni ngano. Mkate wa "brauni" ni ngano ileile.

Mvuje. Ule wa unga unaouzwa kwenye vikopo kwa kawaida umechanganywa na unga wa ngano ili usigande. Tafuta wa gundi, au uliochanganywa na wanga wa mchele, ukauponde mwenyewe.

Vinywaji vya kimea vya kopo na bia ya kawaida ni shayiri. Togwa ya mahindi na kimea cha ulezi haina gluteni, mbege hali kadhalika. Neno "kimea" peke yake halitoshi. Uliza ni kimea cha nafaka gani.

Msagaji

Hapo kwenye ulezi na mtama niongeze la mashineni. Mashine ya kusaga ya mtaani haisafishwi kati ya mteja na mteja. Kilo ya kwanza inayotoka ina unga wa aliyekutangulia: uliobaki kwenye chumba cha nyundo, kwenye chekecheke, na hasa kwenye ule mfuko mrefu wa kitambaa unaotoa unga. Ukiupiga mfuko ule kwa mkono utaona vumbi linavyodondoka.

Kama fundi hasagi ngano kabisa, hakuna shida. Kama anasaga, hata mara moja kwa wiki kwa ajili ya unga wa lishe, fanya hivi. Nenda asubuhi kabla ya ngano yoyote. Muombe afungue mlango wa chekecheke apige brashi, apige na mfuko. Pitisha kilo 2 hadi 3 za mahindi, unga huo wape kuku. Kisha saga yako. Hiyo inapunguza, haifuti. Anayepata dalili bado, mashine ndogo ya nyumbani au kinu na chekeche vyake mwenyewe ndiyo suluhisho.

Kabla ya kusaga, chagua nafaka kwenye ungo. Magunia hutumika tena na tena, na punje za ngano huingia kwenye mtama, dengu na adesi. Punje ya ngano ina mfereji unaopita tumboni kutoka ncha hadi ncha, upande mmoja una nywele fupi. Ya shayiri ni ndefu zaidi, imechongoka pande zote mbili, na mara nyingi bado ina ganda. Tandaza kiganja kimoja kwa mara moja, penye mwanga. Kisha osha na kuanika.

DukaLaDawa

Nichukue upande wa damu na vidonge.

Vipimo vya kuomba kwa mwenye seliaki aliyechoka: picha nzima ya damu, feritini (kipimo cha ghala la chuma mwilini), vitamini B12, foleti (folic acid), vitamini D, homoni ya tezi ya shingo (TSH), sukari, ini, na tTG-IgA ya marudio. Zinki ikiwezekana. Si lazima vyote siku moja. Mfuko ukiwa mwepesi, anza na picha ya damu, feritini na TSH.

Mambo matatu yanayopotosha majibu:

Hemoglobini inaweza kuwa sawa huku ghala la chuma liko tupu. Feritini chini ya 30 ni upungufu hata kama hemoglobini inasoma 12 na kitu. Uchovu huanza hapo.

Feritini hupanda mwili ukiwa na homa au uvimbe. Mtu mwenye malaria wiki hii anaweza kuonyesha 90 na chuma hana. Omba CRP, kipimo cha uvimbe mwilini, ipimwe pamoja, au subiri upone.

Upungufu wa chuma hufanya chembe nyekundu ziwe ndogo. Wa B12 au foleti huzifanya kubwa. Mwenye seliaki anaweza kuwa na vyote. Wastani (MCV) ukasomeka wa kawaida kabisa na mtu akaambiwa yuko sawa. Tazama RDW kwenye karatasi hiyohiyo. Ikiwa juu, chembe hazilingani ukubwa.

Dozi. Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi miligramu 65 hivi. Kimoja kwa siku kinatosha. Mtindo wa tatu kwa siku umepitwa na wakati: baada ya dozi, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini inayofunga mlango wa utumbo kwa karibu siku nzima, hivyo kidonge cha mchana na cha usiku vinaishia kuleta kichefuchefu na choo kigumu tu. Tumbo likisumbua, meza siku moja, ruka siku moja. Choo kuwa cheusi ni kawaida.

Meza tumbo likiwa tupu kwa maji na ndimu au chungwa. Chai ndiyo adui. Chai ya rangi au ya maziwa, kahawa, maziwa, vidonge vya kalisi (calcium): viwe mbali, kidonge cha chuma kimezwe angalau saa 1 kabla yake au saa 2 baada yake. Wengi humeza kidonge na kikombe cha chai ya asubuhi mwaka mzima, kisha wanaambiwa dawa haiwafai.

Damu irudiwe baada ya wiki 4. Hemoglobini ingetakiwa ipande kama gramu 2 kwa desilita. Isipopanda na dawa inamezwa sawasawa, ama utumbo bado haunyonyi ama damu inapotea mahali. Kwa hali hiyo chuma cha kuchomwa kwenye mshipa hospitalini kinaruka utumbo kabisa, na hakuna sababu ya kukiogopa kikitolewa penye wataalamu. Hemoglobini ikishakuwa sawa, endelea miezi 3 mingine kujaza ghala.

Usimeze foleti peke yake kwa miezi kabla ya kujua B12 yako. Foleti itarekebisha damu, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kwa kukosa B12. Ganzi na michomo ya miguu ni dalili ya kuwahi hospitali.

Nyanda_Juu

Mlonge na rozela je? Watu wanasema vinaongeza damu haraka kuliko vidonge.

DukaLaDawa

Kwa lishe ya kila siku vizuri, ndugu. Ila chuma cha majani hunyonywa kidogo hata na utumbo mzima, sembuse uliobapa. Dagaa, maini na nyama nyekundu vina chuma kinachoingia kwa urahisi zaidi. Majani yaliwe na ndimu au ukwaju. Kama feritini ni 6, majani hayatoshi, tafadhali usimcheleweshe mtu. Na unga wa mlonge wa kununua uulizie umesagwa wapi, Msagaji ameshaeleza.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: unga wa viwandani Kenya na Tanzania, wa ngano na wa mahindi, huongezwa chuma na foleti kwa mujibu wa kanuni. Anayeacha ngano akahamia kwenye muhogo, mchele na unga wa mashine ya mtaani anapoteza nyongeza hiyo kimyakimya. Kunde, maharage, mchicha na mayai vijaze pengo.

Mswahili_Leicester

Huku Uingereza sheria inalazimisha nafaka zenye gluteni zikolezwe wino kwenye orodha ya viungo vya bidhaa iliyofungwa, na mgahawa ukiulizwa lazima uweze kujibu. Neno "gluten free" linamaanisha haizidi miligramu 20 kwa kilo. Nusu kilo ya chakula cha aina hiyo ni miligramu 10 kwa juu kabisa, ndiyo maana inahesabika salama. Kipimo hichohicho cha 20 ndicho kilichomo kwenye kiwango cha kimataifa cha Codex.

Tahadhari moja. Biskuti na mikate maalumu ya dukani mara nyingi ni wanga mtupu, sukari na mafuta. Mtu anapona utumbo, unaanza kunyonya kila kitu, na uzito unapanda. Akianza kukoroma, usingizi wa mchana unarudi kwa mlango mwingine.

Kipimo_Kwanza

Umegusa penyewe. Ukoromaji wenye kukatika pumzi hauponi kwa kuacha ngano. Dalili: mwenza anasikia pumzi inasimama kisha mtu anakurupuka, kichwa kinauma asubuhi, mdomo mkavu, mkojo mara nyingi usiku. Hapo anahitaji kupimwa usingizi wake, hata kama tTG imeshuka.

Nyingine ni miguu kutotulia. Mtu akilala jioni anahisi kama wadudu wanatembea ndani ya mashavu ya miguu, mpaka ainuke atembee. Ugonjwa huu unaonekana zaidi kwa wenye seliaki, na chuma kidogo huuchochea. Kwa miguu hii madaktari hutaka feritini ipite 75, si 30 tu. Halafu dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi huizidisha. Mtu anazimeza ili alale, na ndizo zinazomkesha.

Tezi ya shingo nayo: kinga ya mwili inayoshambulia utumbo hupenda kushambulia na tezi. Uchovu, baridi, ngozi kavu, choo kigumu, TSH juu. Anayemeza dawa ya tezi, levothairoksini, aitenganishe na chuma na kalisi kwa saa 4. Utumbo ukipona, dozi iliyokuwa sawa inaweza kuwa nyingi, kwa hiyo TSH irudiwe.

Na sonona. Inatibika, na haipunguzi ukweli wa ugonjwa. Anayeamka saa 10 alfajiri na kushindwa kurudi kulala, na ambaye hakuna tena kinachomfurahisha, aseme hivyo waziwazi chumba cha daktari.

Mlezi_wa_Bweni

Mtoto wa kidato cha pili mwenye seliaki, yuko bweni. Asubuhi uji wa lishe wa shule, Jumamosi mandazi, na analala darasani. Shule inaweza kufanya nini bila gharama kubwa?

JikoLaPwani

Dada, uji ndio uanze. Unga wa ulezi au sembe aletewe na mzazi, kilo 3 kwa mwezi zinatosha kama gramu 100 kwa siku, kwenye ndoo yenye kifuniko na jina. Sufuria ndogo na mwiko wake. Mpishi apakue kwanza cha mtoto huyu, kabla upawa haujaingia kwenye chungu kikubwa. Ugali, wali, maharage vya shule kwa kawaida havina shida. Uliza tu kama mchuzi unawekewa unga wa ngano, au supu ya paketi. Jumamosi apewe kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha na yai. Na barua ya daktari iwe jikoni, siyo ofisini tu, maana mpishi akibadilishwa habari inapotea.

Kipimo_Kwanza

Na apimwe urefu na uzito kila muhula. Mtoto anayelala darasani na harefuki huenda bado anapata gluteni mahali.

Mtaa_wa_Pili

Inachukua muda gani uchovu kuisha? Na mtu afanyeje siku zenyewe hizi za katikati?

Kipimo_Kwanza

Tumbo hutulia ndani ya wiki chache. Nguvu huchukua miezi, mara nyingi 6 hadi 12, kadiri ghala la chuma linavyojaa. Kingamwili hushuka polepole: rudia tTG baada ya miezi 6 na 12, kisha kila mwaka. Vijidole vya utumbo kwa watu wazima ni vya polepole zaidi. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa 2010, theluthi moja tu walikuwa wamepona kabisa baada ya miaka 2, na theluthi mbili baada ya miaka 5. tTG ikiwa safi si ushahidi kwamba hakukuwa na kosa dogo juzi. Kipimo hicho hakikamati kosa la siku moja.

Kosa lenyewe likitokea, kichefuchefu na mwili kulegea huanza ndani ya saa chache, na uzito wa mwili unaweza kubaki siku kadhaa. Hakuna dawa ya kuitoa. Kunywa maji, na chumvi na sukari za kuongeza maji kama umetapika au kuhara, kula vyepesi, na andika ulichokula saa 24 zilizopita. Daftari hilo baada ya makosa matatu linakuonyesha mwizi.

Siku za katikati: panga kazi nzito saa ambayo mwili una nguvu, kwa wengi saa 3 hadi 5 asubuhi. Usimalize nguvu zote siku nzuri, kesho yake utalala. Mlo wa mchana uwe na protini na usiwe mlima wa wali. Sahani kubwa ya wanga mweupe inaleta usingizi hata kwa mzima. Usingizi wa mchana dakika 20, kabla ya saa 9 alasiri, kwa kengele. Ukipita saa nzima unaamka mzito na usiku unaharibika. Kahawa ya mwisho saa 7 mchana. Amka saa ileile hata Jumapili, utoke nje kwenye mwanga.

Anayeendesha lori, basi au bodaboda na Epworth yake imepita 10, asiendeshe mpaka apate tiba. Kwa hili sina lugha laini.

Ukuta_wa_Mawe

Mwezi wa Ramadhani? Futari yetu nusu ni ngano.

JikoLaPwani

Nusu nyingine ndiyo ya zamani zaidi. Tende, mihogo ya nazi, magimbi, ndizi mbichi za nazi, mkate wa kumimina wa mchele, vitumbua vya mchele. Hakikisha tu mchele umelowekwa na kusagwa nyumbani na hapajaongezwa kijiko cha unga wa ngano "ushikane", kuna wanaofanya hivyo. Kaimati, sambusa, tambi na visheti aviache. Shurba ya ngano ibadilishwe kwa mchele uliopondwa. Kidonge cha chuma akimeze kabla ya kulala, chai ya futari ikiwa imeshapita saa 2.

Mtaa_wa_Pili

Na hostia kanisani?

Mswahili_Leicester

Hostia ya kawaida ni ngano. Kanisa Katoliki linaruhusu hostia zenye gluteni kidogo sana, lakini si zile zisizo na ngano kabisa. Waraka wa Vatikani wa 2017 ulirudia hilo. Anaweza pia kukomunika kwa divai peke yake. Aongee na paroko mapema, na kikombe chake kiwe ambacho hakijadumbukizwa kipande cha hostia.

Msagaji

Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu oti (oats). Oti yenyewe haina gluteni ya ngano na wengi huivumilia, wachache hapana. Tatizo ni shamba na gunia: ya kawaida karibu daima imechanganyika na ngano. Mpaka upate iliyoandikwa haina gluteni, na tTG yako iwe imeshashuka, tumia ulezi.